FARMVILLE: MJI ULIOZIFUNGA SHULE ZAKE

Msafiri atokaye Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia nchini Marekani, akishika njia ya magharibi, hupita katika mashamba, misitu ya misonobari na vijiji vyenye makanisa madogo ya mbao. Baada ya kiasi cha kilomita 100 huufikia mto Appomattox, na kando ya mto huo mji wa Farmville. Ni mji mdogo. Watu wake hawafiki 10,000. Una barabara kuu iitwayo Main Street, mahakama ya wilaya, chuo kikuu, maghala ya zamani ya matofali mekundu, na makanisa mengi. Mgeni asiyejua habari zake aweza kunywa kahawa yake, akanunua kitu kidogo dukani, akaendelea na safari asishuku jambo lolote.

Lakini, ndugu msomaji, mji huu una habari ambayo kila mzazi mwenye mtoto shuleni ingemfaa aijue. Hapa ndipo wanafunzi walipogoma mwaka 1951 kudai shule iliyo bora, na kilio chao kikafika hata Mahakama ya Juu ya Marekani. Na hapa ndipo wakubwa wa wilaya, kwa kuchukia kumwona mtoto mweusi na mtoto mweupe katika darasa moja, walipozifunga shule zote za umma kwa muda wa miaka mitano.

Wengi wetu tukitajiwa ubaguzi katika shule za Marekani hukumbuka Little Rock, katika jimbo la Arkansas, ambako mwaka 1957 Rais Eisenhower alipeleka askari kuwasindikiza wanafunzi tisa weusi hadi darasani. Umati wenye hasira na askari wenye bunduki ni picha isiyosahaulika upesi. Farmville haina picha ya namna hiyo. Jambo lililotendeka hapa lilitendwa kwa utulivu, na mabwana waliovaa suti na tai, kwa uamuzi juu ya bajeti.

MJI WA TUMBAKU

Farmville ilikua kwa biashara ya tumbaku. Yale maghala mekundu, ambayo leo mengi yake yamegeuzwa maduka ya samani, yalikuwa yakipokea mizigo kutoka mashamba ya jirani. Kabla ya mwaka 1865 kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo, jeshi la majimbo ya Kusini, yaliyokuwa yakipigania kuendeleza utumwa, lilipita Farmville likirudi nyuma kwa njaa na uchovu. Siku mbili baadaye jemadari wake, Robert E. Lee, alisalimu amri katika kijiji cha Appomattox Court House, kisicho mbali na hapo.

Vita vikaisha na utumwa ukafutwa, lakini watu weusi na weupe waliendelea kuishi kama raia wa nchi mbili. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha utengano wa rangi, mradi huduma za pande zote mbili ziwe sawa. Katiba ya Virginia ya mwaka 1902 ikaamuru kwamba watoto weupe na weusi wasifundishwe katika shule moja. Kazi ya kutenganisha ilifanywa kwa bidii kubwa. Ile ya kusawazisha huduma iliachwa ilale, na hakuna mahali palipoonyesha jambo hilo waziwazi kuliko shule ya sekondari ya Robert Russa Moton.

VIBANDA VYA KARATASI YA LAMI

Shule hiyo bado imesimama upande wa kusini wa mji. Ni jengo la matofali, lisilo na ghorofa, lililojengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi weusi 180. Lilipewa jina la mwalimu mashuhuri mweusi aliyekulia katika wilaya hiyo, ambaye baadaye aliongoza chuo cha Tuskegee. Ilipofika mwaka 1951 wanafunzi walikuwa wamezidi 450. Jengo halikuwa na ukumbi wa michezo, wala chumba cha kulia chakula, wala maabara ya sayansi. Shule ya wenzao weupe, katika mji huohuo, ilikuwa na hayo yote.

Wazazi weusi walipokwenda mara kwa mara mbele ya bodi ya shule kuomba jengo jipya, walijengewa vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Watu wakavifananisha na mabanda ya kuku. Wakati wa baridi, mwanafunzi aliyekaa karibu na jiko la kutia joto aliungua, na aliyekaa mbali alisoma akiwa na koti mwilini. Mvua iliponyesha, paa zilivuja. Nafasi ilikuwa haba hata masomo mengine yakafanyiwa ukumbini, madarasa mawili au matatu kwa wakati mmoja, na pengine ndani ya basi la shule. Na mabasi yenyewe yalikuwa yale yaliyokwisha kuchakazwa na shule za Wazungu.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwako msichana wa miaka 16, Barbara Rose Johns. Alikuwa mpole, mpenda vitabu, mpwa wa mchungaji Vernon Johns, ambaye mahubiri yake makali dhidi ya ubaguzi yalijulikana kote katika majimbo ya Kusini. Siku moja Barbara alimlalamikia mwalimu wake wa muziki juu ya hali ya shule, na mwalimu akamwuliza kwa nini yeye mwenyewe hafanyi jambo. Swali hilo lilimkaa moyoni. Akawakusanya wanafunzi wachache aliowaamini, nao wakapanga kwa siri kwa miezi kadhaa pasipo mzazi wala mwalimu kunong'onezwa.

SIKU YA MGOMO

Jumatatu, tarehe 23 Aprili 1951, simu ililia katika ofisi ya mwalimu mkuu, Boyd Jones. Aliambiwa kwamba wanafunzi wake wawili wamepatikana na matata kwenye kituo cha mabasi. Akaondoka mbio. Mara barua fupi zikapelekwa kila darasa, zikiwaita wote ukumbini, na chini yake pametiwa herufi J, kama alivyozoea kutia sahihi mwalimu mkuu. Pazia la jukwaa lilipofunguliwa, aliyesimama pale hakuwa Jones bali Johns.

Barbara aliwaomba walimu watoke nje. Wengine wakasita, yeye akavua kiatu, akakigonga juu ya benchi kudai utulivu. Kisha akawaeleza wenzake kwamba wazazi wao wameomba vya kutosha, na kwamba hawatarudi darasani mpaka wapewe shule inayostahili kuitwa shule. Wanafunzi zaidi ya 450 walitoka wakamfuata. Mgomo uliendelea kwa wiki mbili.

Vijana hao waliwaandikia mawakili wawili weusi wa Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson, waliokuwa wakitetea kesi za chama cha NAACP. Mawakili walifika Farmville wakiwa na nia ya kuwashauri warudi masomoni. Lakini walipokutana nao katika kanisa la First Baptist, lililoko Main Street, walishindwa kuuvunja moyo wa watoto wale. Wakawapa sharti moja: hawatasimamia kesi ya kudai jengo zuri zaidi la watu weusi peke yao, watasimamia kesi ya kudai kwamba utengano wenyewe uondolewe. Nao wazazi wakubali.

Hilo halikuwa jambo dogo. Mzazi mweusi wa Farmville alifanya kazi katika shamba la Mzungu, alikopa katika benki ya Mzungu, alinunua vitu dukani kwa Mzungu. Kutia jina la mwanawe katika kesi ilikuwa kuutia mkate wake hatarini. Mchungaji wa kanisa hilo, L. Francis Griffin, alisimama upande wa watoto, na wazazi wengi wakamfuata. Tarehe 23 Mei 1951 kesi ilifunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117. Mwalimu mkuu Jones alipoteza kazi yake. Barbara, kwa kuhofiwa usalama wake, alipelekwa Alabama kwa mjomba wake Vernon.

USHINDI KATIKA KARATASI

Mwaka 1952 majaji watatu huko Richmond waliwanyima ushindi watoto wa Farmville. Mawakili wakakata rufani. Mahakama ya Juu iliisikiliza kesi hiyo pamoja na nyingine kutoka Kansas, South Carolina, Delaware na jiji la Washington. Jina la kesi ya Kansas ndilo lililotangulia, na kwa hiyo dunia nzima huijua hukumu hiyo kwa jina la Brown. Lakini katika kesi zote hizo, ya Farmville peke yake ndiyo iliyoanzishwa na mgomo wa wanafunzi.

Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa, kwa sauti moja, walitamka kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wengi waliamini kwamba jambo limekwisha. Hata hivyo mwaka uliofuata Mahakama haikuweka tarehe ya kutekeleza hukumu. Iliagiza tu kwamba kazi ifanywe kwa haraka ya kadiri. Wenye kupinga walishika lile neno "kadiri" wakalisahau lile la "haraka". Seneta Harry Byrd, mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote katika Virginia, aliwahimiza watu wa jimbo lake wapinge kwa umoja, na bunge la jimbo likatunga sheria za kuifunga shule yoyote itakayochanganya rangi.

MAKUFULI

Mwaka 1959 mahakama zilizivunja sheria hizo, na sehemu nyingine za Virginia zikaanza kutii, japo kwa shingo upande. Mwezi wa Mei mwaka huo mahakama ya rufani iliiamuru wilaya ya Prince Edward iwapokee wanafunzi weusi katika shule ya Wazungu ifikapo Septemba. Baraza la wilaya lilijibu kwa njia ambayo haikuwa imepata kuonekana. Lilikataa kutenga fedha za shule. Bila fedha hapana mishahara, na bila mishahara hapana walimu. Septemba 1959 milango ya shule zote za umma ilibaki imefungwa, ya weusi na ya weupe sawasawa.

Sawasawa kwa maneno tu. Watoto wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuandaliwa shule ya binafsi, Prince Edward Academy, iliyoanza masomo katika vyumba vya makanisa na kumbi za mji, kisha ikapata jengo lake. Kwa muda, fedha za jimbo na za wilaya zilisaidia kulipa karo zao, mpaka mahakama ilipozuia. Hata hivyo Wazungu maskini wasioweza kujazia karo waliwaona watoto wao nao wakikaa nyumbani.

Watoto weusi wapatao 1,700 hawakuwa na shule. Baadhi ya Wazungu walijitolea kuwafungulia weusi nao shule yao ya binafsi, lakini karibu wazazi wote walikataa, kwa kuwa kukubali kungekuwa kuubariki utengano na kuiua kesi iliyokuwa bado mahakamani. Ndugu msomaji, ufikiri uzito wa uamuzi huo. Mzazi ana mtoto wa miaka saba asiyejua kusoma. Anaambiwa kuna shule, mradi akubali kwamba mwanawe ni wa kutengwa. Akikataa, mtoto anabaki mjinga kwa mwaka huu, na pengine kwa mwaka ujao. Nani angethubutu kumlaumu aliyekubali? Na nani angethubutu kumlaumu aliyekataa?

Watu walijitahidi kwa kila njia. Mchungaji Griffin na wenzake walifungua vituo vya mafunzo katika vyumba vya chini vya makanisa, ambako watoto walifundishwa kusoma na kuhesabu kwa saa chache. Wanafunzi wakubwa wapatao 60 walipokewa na chuo cha Kittrell, katika jimbo la North Carolina. Jumuiya ya Waquaker iliwatafutia wengine nyumba za wafadhili katika majimbo ya mbali, nao wakaenda kuishi na watu wasiowajua ili wasome. Wengine walipelekwa kwa shangazi na nyanya ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Familia ziligawanyika; mtoto mmoja aliondoka, na watatu walibaki.

Lakini wengi hawakwenda popote. Walishika jembe katika mashamba ya tumbaku. Kijana aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari alitafuta kibarua, akaoa, akawa mtu mzima. Mtoto aliyepaswa kuanza darasa la kwanza Septemba ile alitimiza miaka kumi na moja kabla wilaya haijamfungulia tena shule ya umma.

Yafaa hapa tukumbuke kalenda ya kwetu. Tanganyika ya mkoloni nayo ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na fedha zikigawanywa kwa ukubwa tofauti kama rangi zilivyotofautiana. Baada ya Uhuru utaratibu huo ulifutwa, na tangu Januari 1962 shule zikawa chini ya mfumo mmoja. Mwezi huohuo, katika nchi iliyojiita kiongozi wa ulimwengu huru, makufuli ya Farmville yalikuwa katika mwaka wake wa tatu.

KUFUNGULIWA TENA

Mwaka 1963 vijana walimiminika Main Street wakiandamana mbele ya maduka na mikahawa, na wengine walikamatwa mbele ya kanisa la Wazungu walikotaka kusali. Serikali ya Rais Kennedy ilisaidia kupatikana fedha za michango, na Septemba mwaka huo zikafunguliwa shule za muda zisizo na karo, ambazo zilipokea watoto wa rangi zote. Wazungu waliojiandikisha walihesabika kwa vidole. Walimu waliokuja walikuta wanafunzi waliopita umri wa miaka kumi ambao hawajapata kusoma sentensi moja.

Hatimaye, tarehe 25 Mei 1964, miaka kumi na siku chache baada ya hukumu ya Brown, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi iliyopewa jina la Griffin kwamba wilaya haina haki ya kufunga shule zake ili kukwepa katiba, na kwamba wakati wa kungojangoja umekwisha. Shule za umma zilifunguliwa Septemba 1964. Karibu wanafunzi wote walikuwa weusi. Wazungu wengi walibaki katika shule yao ya binafsi. Shule hiyo haikupokea wanafunzi weusi hata ilipofika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ilibadilishwa jina.

FARMVILLE YA LEO

Mtembezi wa leo akiingia katika jengo la Moton hakuti darasa. Tangu mwaka 2001 ni makumbusho, na tangu mwaka 1998 limehesabiwa miongoni mwa majengo ya historia ya taifa. Ukumbi alimosimama Barbara bado upo, pamoja na jukwaa lake. Kutoka hapo waweza kutembea kwa miguu kupitia chuo kikuu cha Longwood, ambacho mwaka 2014 kilitamka majuto kwa kutosimama upande wa haki siku zile, mpaka kanisa la First Baptist, na hata mahakama ya wilaya. Juu ya mahakama hiyo huwaka taa iliyowekwa mwaka 2008 kwa azimio la baraza la wilaya, baraza lilelile lililonyima fedha mwaka 1959, ili iwe ishara ya masikitiko na upatanisho.

Barbara Johns hakurudi kuishi Farmville. Alifanya kazi ya ukutubi huko Philadelphia, akalea watoto, akafariki mwaka 1991 akijulikana na wachache. Mwaka 2020 sanamu ya Jemadari Lee, iliyokuwa ikiiwakilisha Virginia katika jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, iliondolewa, na jimbo likamchagua msichana wa Moton achukue mahali pake.

Heshima hizo ni njema. Lakini sanamu haimfundishi mtu kusoma. Mwaka 2003 wilaya iliwapa vyeti vya heshima wale walionyimwa kumaliza shule. Mwaka 2004 bunge la Virginia lilianzisha mfuko wa kuwalipia masomo wote waliofungiwa milango katika miaka ile. Ndipo watu waliokwisha kuota mvi, wengine wenye wajukuu, waliporudi darasani; huyu kutafuta cheti cha sekondari, yule shahada ya chuo kikuu, na mwingine kujifunza tu kusoma vizuri. Walikuwako pia wasiorudi. Waliona wamechelewa, au kazi za mikono zilikuwa zimewachosha, au walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Katika habari hii mahakama ziliwapa watoto wa Farmville ushindi mara mbili, mwaka 1954 na mwaka 1964. Katikati ya tarehe hizo mbili walikuwako watoto wapatao 1,700 waliokuwa na haki yao imeandikwa katika karatasi na kupigwa muhuri, nao wakiamka kila asubuhi pasipo mahali pa kwenda na daftari. Waliofunga shule walijua vyema kwamba hawakuhitaji kuishinda hukumu. Kwao ilitosha kuichelewesha, kwa maana mtoto hakui akimngoja hakimu. Mzazi anayeambiwa kwamba darasa la mwanawe litajengwa mwaka ujao, au mwalimu ataletwa muhula ujao, yafaa aikumbuke Farmville, aulize ni mwezi gani na tarehe gani.